Kutikisa Nazi Bila Kuipasua: Karne Tatu na Nusu za Kuchagua Mbegu ya Kiume

Mwaka 1677, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Johan Ham alibisha hodi kwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft, Uholanzi, mkononi ana kichupa. Kichupani mlikuwa na manii ya mgonjwa wa kisonono. Ham alikuwa ameyatazama akaona humo vidudu vyenye mikia, akadhani vimezaliwa na uozo wa maradhi. Mwenye nyumba, Antonie van Leeuwenhoek, hakuwa daktari, wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa zama zile. Aliwazidi kwa jambo moja: jicho. Muuza vitambaa hodari hasadiki maneno ya mleta mzigo. Huchukua kioo cha kukuzia akahesabu nyuzi mwenyewe. Kutoka kwenye nyuzi Leeuwenhoek alikuwa amehamia kwenye matone ya maji, akijisagia lenzi ndogo kama punje za ulezi.

Alitaka kujua: vidudu hivi ni vya ugonjwa, au kila mwanamume anavyo? Akachunguza manii yake mwenyewe. Katika barua aliyowaandikia wakuu wa Jumuiya ya Kifalme ya London mwezi Novemba mwaka huo, alieleza kwa staha kwamba hakuyapata kwa kujichafua na dhambi. Yalikuwa mabaki ya tendo la ndoa, nayo aliyaweka mbele ya lenzi kabla mshipa wa mkono haujapiga mara sita. Akaongeza kwamba wakiona habari hiyo itawakirihi wasomi, basi waifiche. Hawakuificha. Humo alisimulia umati wa viumbe wenye vichwa vya mviringo na mikia myembamba, wakijinyonganyonga kama mkunga majini, wadogo kiasi kwamba milioni moja wao wasingefikia ukubwa wa punje moja kubwa ya mchanga.

Tangu siku hiyo binadamu ana umati mbele ya macho yake na swali moja mdomoni: katika hawa wote, yupi? Mtoto ni mmoja, wao ni mamilioni. Historia ya tiba ya ugumba wa wanaume ni historia ya majibu ya swali hilo, na karibu kila jibu limetolewa kwa kuangalia ganda, kwa sababu anayetaka kuona kilichomo ndani sharti aue anachokitazama.

Chujio la padri

Kwa muda mrefu majibu yalikuwa ya kubuni. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker, Mholanzi mwingine, alichora kichwa cha mbegu na ndani yake kijitu kimejikunyata, kimekumbatia magoti. Hakusema amekiona, alisema huenda ndivyo kingeonekana. Wasomi wakagawanyika makundi mawili. Wengine walidai mtoto mzima yumo ndani ya mbegu. Wengine walidai yumo ndani ya yai, na kwamba vidudu vya manii ni wapangaji tu wasio na kazi, kama minyoo ya tumbo.

Aliyelitoa suala hilo kwenye mabishano na kulipeleka kwenye majaribio alikuwa padri wa Italia, Lazzaro Spallanzani, profesa wa Pavia. Miaka ya 1770 aliwashonea vyura madume suruali za hariri zilizowabana mapajani, kisha akawaacha wapande majike. Mayai yote yakaharibika. Spallanzani akayakusanya matone yaliyonaswa ndani ya suruali, akayapaka kwenye mayai mengine, na viluwiluwi wakatoka. Mwaka 1780 alimpandisha jike la mbwa manii kwa bomba la sindano; baada ya siku 62 akazaa watoto watatu.

Kisha akafanya jambo ambalo lingetosha kumpa ubaba wa taaluma hii yote. Aliyachanganya manii ya chura na maji, akayamimina juu ya karatasi ya kuchujia. Maji yaliyopenya chini hayakutungisha kitu. Mabaki yaliyoshikwa na karatasi, yakisuuzwa katika maji safi, yalitungisha mayai vizuri. Jibu lilikuwa limelala pale juu ya karatasi. Lakini Spallanzani alikuwa mtu wa kundi la yai. Kwake vidudu vile vilikuwa wapangaji, na wapangaji vikabaki. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1824, Jean-Louis Prévost na Jean-Baptiste Dumas waliporudia uchujaji ule mjini Geneva na kutamka bila kigugumizi kwamba vinavyotungisha ni vile vilivyobaki juu. Mwaka 1876 Oscar Hertwig, Mjerumani, akichungulia mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba kama nungunungu, aliona kiini cha mbegu na kiini cha yai vikiungana kuwa kimoja. Katika umati wote ule, mmoja tu ndiye aliyehitajika.

Chujio la kwanza la mbegu za kiume, basi, lilikuwa karatasi, na aliyelitumia hakuamini lilichomwonyesha.

Mwanafunzi mwenye sura nzuri

Madaktari wa watu hawakungoja wanasayansi wamalize kubishana. Mjini London, daktari wa upasuaji John Hunter alimsaidia mwanamume ambaye tundu la mkojo lilikuwa limefunguka upande wa chini wa uume, hivyo manii hayakufika yanapotakiwa. Alimshauri ayachukue kwa bomba la sindano lililopashwa joto na kuyaingiza mwenyewe kwa mkewe. Mimba ikashika. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1799, Hunter akiwa ameshafariki. Hapo hapakuwa na kuchagua; mzigo ulifikishwa tu kwa njia nyingine.

Uchaguzi wa kwanza wa mbegu katika hospitali, kama tunavyoujua, ulifanyika Philadelphia, Marekani, mwaka 1884, na ulikuwa wa aibu. Mfanyabiashara mmoja tajiri na mkewe walimwendea Profesa William Pancoast wa Chuo cha Udaktari cha Jefferson kwa sababu hawakupata mtoto. Mwanamke ndiye aliyelazwa mezani kwanza, akachunguzwa kwa kila namna, asionekane na kasoro. Ndipo walipokumbuka kumpima mume. Manii yake hayakuwa na mbegu hata moja. Kisonono cha ujanani kilikuwa kimeziba njia. Mwanamke akaitwa tena kwa kisingizio cha uchunguzi, akalazwa kwa dawa ya usingizi ya klorofomu, na mbele ya wanafunzi sita akapandishwa manii ya mmoja wao, yule waliyeona ana sura nzuri kuliko wenzake darasani. Mume aliambiwa baadaye, akafurahi, akaomba mkewe asijulishwe kamwe. Mtoto wa kiume alizaliwa. Siri ilifichuka mwaka 1909, mmoja wa wanafunzi wale, Addison Davis Hard, alipoiandika katika jarida la udaktari.

Mambo mawili ya chumba kile hayajaisha hadi leo. La kwanza ni kuchagua mbegu kwa uso wa nje. La pili ni mwanamke kutangulia mezani. Wasemaji wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda Philadelphia kulijua hilo la pili. Neno *tasa* likitajwa barazani, macho humgeukia mke. Atapelekwa kwa mkunga, kwa mganga, kwa shehe au kwa mchungaji wa maombi, ataletewa mke mwenza, na miaka kumi itapita kabla mume hajapewa kikombe cha plastiki chenye mfuniko na kuonyeshwa mlango wa chumba kidogo. Ilhali takwimu za kitabibu ziko wazi: upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vya ndoa zisizopata mtoto, peke yake au pamoja na kasoro ya upande wa mke.

Umati unahesabiwa

Karne ya 20 ilileta hesabu. Tone la manii liliwekwa kwenye kioo chenye miraba midogo, kama kile cha kuhesabia chembe za damu, na mtaalamu akahesabu mraba kwa mraba. Ikaonekana kwamba mwanamume mwenye afya hutoa kwa mara moja mbegu milioni mia na zaidi, na kwamba nyingi kati yake ni za kupotea njiani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maabara za manii mwaka 1980. Kwa miaka mingi mpaka ulikuwa mbegu milioni 20 kwa mililita. Mwaka 2010 ukashushwa hadi milioni 15, na toleo la sita la mwaka 2021 likauweka milioni 16. Kusogea huko kwa mpaka kunatufundisha kuwa namba hizi si hukumu. Yuko mwenye milioni 8 mwenye watoto watatu, na yuko mwenye milioni 80 anayesubiri.

Katika kuhifadhi na kuchagua mbegu, wafugaji waliwatangulia madaktari. Mwaka 1949 huko Uingereza, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes waligundua kwamba gliserini huzilinda mbegu zisife zikigandishwa. Ng'ombe ndio walionufaika kwanza, na ndiyo maana neno *uhimilishaji*, yaani kupandikiza mbegu kwa bomba, linajulikana zaidi zizini kuliko hospitalini. Kituo cha Kabete, Kenya, kilianzishwa mwaka 1946 kwa kazi hiyo, na Tanzania ina kituo chake cha taifa Usa River, Arusha, ambako mbegu za madume bora huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Mfugaji huchagua dume kwa kutazama maziwa ya binti zake. Daktari wa binadamu hana njia hiyo: baba ni huyuhuyu aliyeketi mbele yake, na lililobaki ni kuchagua miongoni mwa mbegu zake.

Mwili wa mwanamke nao huchagua, kimya kimya. Ute wa mlango wa kizazi huwazuia wasiojua kuogelea. Safari ya kupanda mji wa mimba huwachosha wengi. Katika mamilioni walioanza, mamia machache tu ndio wanaofika kwenye mrija ambamo yai linasubiri. Mwaka 1951 Min Chueh Chang akiwa Marekani na Colin Austin akiwa Australia, kila mmoja kivyake, waligundua pia kwamba mbegu ikitoka tu mwilini mwa mwanamume bado haijawa tayari: yahitaji kukaa saa kadhaa katika njia ya uzazi ya mwanamke ndipo iweze kulipenya yai. Ugunduzi huo ulieleza kwa nini majaribio mengi ya kutungisha mayai nje ya mwili yalikuwa yameshindwa. Anayetaka kuikwepa njia hiyo itambidi aige kazi yake ndani ya kioo.

Kuosha

Waliofaulu ni Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Usiku wa tarehe 25 Julai 1978, katika hospitali ya Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa kutungwa nje ya mwili. Mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Baba hakuwa na tatizo. Hilo ni la kukumbukwa, kwa sababu njia ile haikuwa na faraja kwa wanaume wenye mbegu chache. Kila yai ndani ya kisahani lilihitaji kuzungukwa na makumi ya maelfu ya mbegu zinazoogelea kwa nguvu. Asiyekuwa nazo alirudi nyumbani.

Lakini maabara hizo zilizaa ustadi mpya: kuosha mbegu. Njia ya kwanza ni ya kuziachia ziogelee zenyewe. Mtaalamu huweka manii chini ya mrija wa kioo, juu yake akamimina taratibu maji safi yenye chumvi, sukari na protini, tabaka lisivurugike. Mrija huinamishwa na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 37, joto la mwili, kwa muda wa saa moja hivi. Ukiutazama baada ya hapo, maji ya juu yaliyokuwa maangavu yameingia ukungu mwembamba. Ukungu huo ndio waogeleaji waliopanda wenyewe, wakiacha chini wafu, uchafu na chembe nyeupe za damu.

Njia ya pili hutumia uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilipatikana tope jepesi la chembechembe za silika lililoitwa Percoll. Mtaalamu hupanga tabaka mbili, zito chini na jepesi juu, manii akayaweka juu kabisa, kisha mrija ukazungushwa kwa kasi kwenye mashine. Mbegu zilizokomaa zina kichwa kilichoshonana sawasawa, nazo huzama hadi chini na kutua kama kitone cheupe; zile changa na zilizoharibika hunasa kati ya tabaka. Percoll yenyewe iliondolewa katika tiba ya uzazi ya binadamu mwaka 1996, silika iliyopakwa kwa namna nyingine ikashika nafasi yake, na mbinu ikabaki ileile hadi leo.

Miaka kumi ya kuosha ilipopita, onyo likatoka Edinburgh. Mwaka 1988 John Aitken na mwenzake walionyesha kwamba manii yakizungushwa kwa kasi kabla ya kuchujwa, mbegu dhaifu na chembe nyeupe zikashindiliwa pamoja na nzima, hutokea molekuli kali za oksijeni zinazowaunguza hata wale wazima. Aliyetaka kusafisha alikuwa akichafua. Tangu hapo mtaalamu mzuri hupimwa pia kwa upole wa mkono wake.

Palikuwa na mahali ambapo kuosha kulileta baraka isiyo na shaka. Katika miaka ya UKIMWI, mume mwenye virusi na mke asiye navyo waliambiwa wasahau kabisa habari ya mtoto. Mjini Milan, Italia, daktari Augusto Semprini alijua kwamba virusi hukaa zaidi katika majimaji ya manii na katika chembe nyeupe kuliko kwenye mbegu inayoogelea. Akaziosha mbegu kwa tabaka, kisha akaziacha ziogelee, ndipo akazipandikiza kwa wake zao. Mwaka 1992 alitoa habari za wanawake 29 wa mwanzo, hakuna aliyeambukizwa. Dawa za kufubaza virusi zimeifanya njia hiyo ihitajike kwa nadra siku hizi, lakini inafundisha jambo: kuchagua hufaulu pale unapojua hasa unachokikwepa.

Nazi ya Tygerberg

Mnunuzi wa nazi, awe Kariakoo au Kongowea, ana mitihani yake. Huiinua kupima uzito kiganjani, huigonga kwa ukucha, huitikisa karibu na sikio asikie maji. Jambo moja hawezi kulifanya kabla ya kulipa: kuipasua. Na wahenga wamemwonya kwamba mchagua nazi hupata koroma.

Mwaka 1986, katika Hospitali ya Tygerberg karibu na Cape Town, Thinus Kruger na wenzake waliutengeneza mtihani wa ganda ulioenea dunia nzima. Walizipaka mbegu rangi na kuzipima moja moja: kichwa kiwe kama yai, urefu wa mikromita 5 hadi 6 na upana wa 2.5 hadi 3.5, kofia yake ifunike kati ya asilimia 40 na 70 ya kichwa, shingo isipinde, mkia usijikunje. Yenye dosari hata ndogo ilihesabiwa mbovu. Kwa ukali huo, wanaume wengi walikutwa na mbegu "nzuri" chini ya asilimia 14, na kwao mayai ndani ya kisahani yalitungishwa kwa shida. Leo mpaka wa Shirika la Afya Duniani ni asilimia 4 tu. Yaani mwanamume anayehesabiwa kuwa wa kawaida anaweza kuwa na mbegu 96 katika kila 100 zenye umbo la kasoro. Majibu hayo yanapofika mkononi mwa mtu bila maelezo, humwangusha; kumbe ndivyo binadamu alivyo.

Mtihani wa Tygerberg ulikuwa na mpaka usiovukika. Mbegu iliyopakwa rangi imekufa. Unajua habari za wenzake, huwezi kuitumia yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kipimo alichokitoa Mmarekani Donald Evenson mwaka 1980: alizipasha mbegu moto na kuzitia rangi, vinasaba vizima vikang'aa kijani na vilivyokatika vikang'aa wekundu. Hapo mtu aliona ndani kabisa ya nazi. Lakini ilikuwa imeshapasuliwa.

Sindano ya Brussels

Katika miaka ya 1980 maabara kadhaa zilijaribu kuwasaidia wenye mbegu chache kwa kulitoboa ganda la yai, au kwa kuingiza mbegu chache kati ya ganda na utando wa ndani. Mafanikio yalikuwa haba. Katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, Ubelgiji, daktari kijana wa Kiitaliano, Gianpiero Palermo, alikuwa akiifanya kazi hiyo ya pili chini ya André Van Steirteghem na Paul Devroey. Mara nyingine sindano ilipitiliza, ikatoboa utando na kuiacha mbegu ndani ya yai lenyewe. Wengine wangeliona ni yai lililoharibika. Palermo alilitunza, akaona limetungwa. Wakaamua kulifanya kosa hilo kwa makusudi. Mtoto wa kwanza alizaliwa Januari 1992, na Julai habari ikatoka katika jarida la *Lancet*.

Fikiria inavyofanyika. Yai lina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Linashikwa na bomba la kioo linalolifyonza taratibu lisigeuke. Kwenye tone la pembeni, ndani ya uji mzito unaozipunguza mwendo, mbegu zinapita moja moja. Mtaalamu hutazama skrini, huchagua moja, huuponda mkia wake kwa ncha ya sindano ili isimame, kisha huifyonza, mkia ukitangulia. Sindano inasukuma ganda, utando unabonyea ndani kama puto linalobonyezwa kwa kidole, halafu unaachia ghafla. Mbegu inabaki ndani. Kazi ya mlango wa kizazi, mji wa mimba na mirija, iliyochukua saa nyingi na mamilioni ya washindani, imefanywa na mtu mmoja aliyekaa kitini, kwa sekunde chache, kwa kuangalia umbo na mwendo tu.

Milango ikafunguka. Sasa mbegu moja kwa kila yai ilitosha, hata kama imetolewa moja kwa moja kwenye korodani. Hilo lilifaulu mwaka 1993. Mwaka 1999 Peter Schlegel wa New York alieleza namna ya kuwatafutia wale ambao korodani zao karibu hazizalishi kitu. Korodani hufunguliwa chini ya hadubini ya upasuaji, na daktari hupekua mirija iliyojisokota kama tambi zilizochemshwa. Mingi ni myembamba na tupu. Hapa na pale upo mmoja ulionenepa, mweupe zaidi kuliko jirani zake. Huo ndio hukatwa na kupelekwa maabara. Kwa karibu nusu ya wanaume hao, mbegu hupatikana. Watu walioambiwa kwa karne nzima kwamba hawana kitu wakawa baba.

Lakini sindano haiulizi mbegu imebeba nini. Mwaka 1995 ilithibitishwa Marekani kwamba baadhi ya wanaume wasio na mbegu wamekatika kipande cha kromosomu Y. Kila mtoto wa kiume huipokea Y ya baba yake kama ilivyo. Anayepata mwana kwa sindano, akiwa na Y iliyokatika, humrithisha na ugumba wenyewe. Kijana naye atakuja kubisha hodi kwenye mlango uleule. Hakuna jicho la mtaalamu linaloweza kuchagua mbegu ya kiume isiyo na dosari hiyo, kwa kuwa zote zenye Y zinayo. Daktari muungwana huyasema hayo mapema.

Soko la vichujio

Kwa kuwa sasa mbegu huchaguliwa moja moja, kila maabara ilitaka mtikiso bora wa nazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Benjamin Bartoov wa Israel alizitazama mbegu hai zikikuzwa zaidi ya mara 6,000, badala ya mara 200 hadi 400 za kawaida, akitafuta vishimo vidogo kichwani. Huko Yale, Marekani, Gabor Huszar alijua kwamba mbegu iliyokomaa hujishika kwenye hailuronani, utelezi ulio katika wingu linalozunguka yai. Akaweka matone yake kisahanini, na zilizonasa kwa kichwa, mikia ikipepea bila kwenda popote, zikachukuliwa. Wengine walitumia sumaku: chembe ndogo za chuma hushikamana na mbegu zilizoanza kufa, nazo hubaki kwenye mrija, nzima zikapita. Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2003 kilitoa kijimfereji ambamo manii na maji safi hutiririka bega kwa bega bila kuchanganyika, kama mito miwili inapokutana, na waogeleaji wenye nguvu huvuka mpaka wenyewe bila kuzungushwa na mashine.

Kila mbinu ilikuwa na mantiki yake, na kila moja ikaongezwa kwenye bili. Ndipo Waingereza wakafanya ambalo soko halipendi: kupima. Katika vituo 16, jozi 2,772 za wenzi ziligawanywa kwa kura; nusu walichaguliwa mbegu kwa hailuronani, nusu kwa jicho la kawaida. Matokeo yakatoka katika *Lancet* mwaka 2019. Waliozaa mtoto wa miezi kamili walikuwa asilimia 27.4 upande wa hailuronani na 25.2 upande wa kawaida, tofauti ndogo isiyoweza kutenganishwa na bahati. Mimba zilizoharibika, hata hivyo, zilikuwa asilimia 4 dhidi ya 7, jambo linalowafanya watafiti waendelee kuuliza. Siku hizi msimamizi wa huduma hizo Uingereza huipa kila nyongeza alama ya rangi kulingana na ushahidi wake, ili mteja ajue analipia nini.

Afrika Mashariki imo katika historia hii. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa kutungwa maabara mwaka 2004 mjini Kampala, Kenya ikafuata mwaka 2006 mjini Nairobi, na Dar es Salaam nayo ina vituo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila sita hukumbana na ugumba wakati fulani maishani. Kwa wengi wetu gharama hutoka mfukoni, pengine kwa kuuza shamba. Kwa mtu kama huyo, kujua kwamba kikombe cha plastiki na saa moja ya hadubini ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo ya bei nafuu, kuna thamani kubwa kuliko mtikiso wowote mpya. Philadelphia walimpima mume mwisho. Hiyo ndiyo sehemu ya historia tunayoweza kuigeuza kesho asubuhi, bila mashine.

Yaliyobaki yanaendelea kwenye kisahani. Mtaalamu anazitazama mbegu zinavyopita ndani ya uji mzito. Ana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, vipimo vya Tygerberg, sindano ya Brussels, na jicho alilorithi kwa muuza vitambaa wa Delft. Anaona moja: kichwa sawa, shingo sawa, mwendo ulionyooka. Anauponda mkia wake, anaifyonza. Ganda amelikagua lote. Nazi itapasuliwa baada ya miezi tisa.